Unachothamini wewe na mila za kwenu: namna ya kuvipatanisha mpaka moyo utulie

Nianze na mwezi wa nne mwaka jana maana ndo ulionikalisha chini. Nilikuwa na kadi nne za michango ya harusi, mbili nimeahidi double yani laki laki, mbili single elfu hamsini hamsini, jumla laki tatu, na mshahara wangu hapa dukani Kariakoo haufiki mara mbili ya hiyo hela. Nikalipa zote, mbili za mwisho nikamalizia kwa kukopa kwenye simu. Jumapili usiku nampigia mama, yuko Muheza, mvua za masika zinanyesha kwao, tunaongea vizuri tu lakini nyuma ya sauti yake nasikia ti, ti, ti, kitu kinagonga. Nikamuuliza mama nini hicho, akasema, "Mvua tu mwanangu, nimetega beseni." Paa la chumba anacholala linavuja na hajaniambia, kisa anajua mjini kuna mambo mengi.

Usiku ule ungeniamsha ukaniuliza unathamini nini maishani ningekujibu bila kufikiri, familia. Na nisingekuwa nadanganya, nilikuwa naamini kabisa. Ila hela yangu ilikuwa imeenda kwenye harusi za watu ambao wawili kati yao hata sura siwajui, na mama yangu analala anasikiliza beseni.

Sasa haya ninayoandika ndo niliyoyafanya toka siku ile, pamoja na vitu nilivyosoma na vikanisaidia. Fuata kwa mpangilio wako, ila ile sehemu ya sababu nne usiiruke, ndo moyo wa mambo yote.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema tunu namaanisha vile vitu moyo wako unavipa uzito kuliko vingine, neno ambalo wengi tulilizoea 2013 rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ilipotaja tunu za Taifa, utu na uzalendo na uadilifu zikiwemo. Kila mtu ana zake na kila jamii ina zake. Na furaha sisi Waswahili tuna bahati tuna maneno kadhaa, raha ni ya mwili na ya saa ile, furaha inakuja na jambo, afu kuna kuridhika na kuna amani ya moyo, hii ndo unalala nayo na kuamka nayo. Ninayoizungumzia humu ni hii ya mwisho. Mtu anaweza akawa na raha kila wikiendi na amani hana.

Chukua daftari, sio simu, daftari la kawaida la shilingi mia tano linatosha. Ukurasa wa kwanza chora ngazi yenye vipandio kuanzia 0 mpaka 10, kumi ndo maisha mazuri kabisa unayoweza kuyawaza kwa upande wako na sifuri ndo mabaya kabisa, weka alama ulipo leo na uandike tarehe. Swali hili lilitungwa na Mmarekani mmoja anaitwa Hadley Cantril miaka ya 1960 na mpaka sasaivi ndo hilohilo linalotumika kwenye ile ripoti ya furaha ya dunia, ile ambayo Finland ilianza kushika namba moja 2018 na ikaganda hapo miaka kibao. Mi niliweka 4. Usijipendelee, hakuna anayekuja kulisoma.

Ukurasa wa pili ndo unauma. Fungua meseji za miamala za miezi mitatu, M-Pesa, benki, popote hela yako inapopitia, andika kila iliyotoka kubwa kuanzia elfu kumi na ilienda kwa nani. Pembeni yake andika muda wako, wikiendi za mwezi uliopita ulikuwa wapi na nani. Usiandike unachokipenda, andika kilichotokea. Hela na muda havijui kusema uongo, vinaonesha unachokithamini kwa vitendo hata kama mdomo unasema kingine. Mimi kwenye miezi mitatu mama alionekana mara mbili, elfu thelathini na elfu ishirini, na harusi, sendoff, kitchen party na vikao vyake vilikuwa mara kumi na moja.

Kama unashindwa kuzitaja tunu zako kwa majina kuna orodha itakusaidia. Mwanasaikolojia wa Israel anaitwa Shalom Schwartz 1992 alitoa kazi aliyoifanya kwenye nchi 20, akakuta tunu za watu pamoja na tofauti zote za mila zinaingia kwenye mafungu kumi hivi: kujiamulia mwenyewe, msisimko wa mambo mapya, starehe, mafanikio, madaraka na mali, usalama, kufuata taratibu, mila, wema kwa watu wako wa karibu, na kuwajali watu wote na viumbe. Chagua tatu tu zinazokugusa kwelikweli, ukichagua saba hujachagua kitu. Kilichonisaidia zaidi kwake ni kwamba anazipanga kwenye duara, kuna zinazokaa jirani na zinazokaa zinatazamana, mila na kufuata taratibu zimekaa upande mmoja afu kujiamulia na msisimko upande wa pili zinazitazama. Kwaiyo ukijisikia unavutwa huku na kule, unataka kuwa mtoto mzuri wa kwenu na hapohapo unataka kuishi maisha yako, huna kasoro yoyote na wala hujalaaniwa, hizo tunu zenyewe zinavutana kwa asili yake na binadamu wote wanavutwa hivohivo, tofauti ni kamba gani imeshikwa kwa nguvu zaidi.

Haya, sasa sababu nne.

Rudi kwenye ile orodha ya hela na muda, kila kitu ulichofanya kwa ajili ya watu au mila, mchango, msiba, ngoma, ibada, kutuma hela nyumbani, kwenda kijijini Krismasi au Idi, andika pembeni yake namba moja kati ya hizi. Moja, nilifanya kwa sababu nisipofanya watanisema au nitatengwa. Mbili, nilifanya kwa sababu nisipofanya najisikia hatia, naona aibu ndani yangu mwenyewe. Tatu, nilifanya kwa sababu naona kuna maana, naelewa faida yake hata kama sikuwa na hamu. Nne, nilifanya kwa sababu ndo mimi, hata kama asingejua mtu yeyote duniani ningefanya. Hilo la "asingejua mtu yeyote" litumie kama mizani, linakata haraka sana.

Kwanini hii ni muhimu kuliko zingine? Watu wengi wanabishana vibaya, huyu anasema mila zetu za kusaidiana ndo furaha yenyewe ona Wazungu walivyo wapweke, yule anasema mila ndo zinatunyima maendeleo kila mtu ajijali mwenyewe. Kuna watafiti, Valery Chirkov na Richard Ryan na wenzao, 2003 walitoa utafiti waliofanya Korea Kusini, Urusi, Uturuki na Marekani, nchi ambazo mila zake hazifanani kabisa. Wakakuta kilichoenda pamoja na afya ya akili sio kama mtu anafuata mila za pamoja au za kila mtu na lwake, ni kwa kiasi gani ameifanya ile desturi kuwa yake mwenyewe kutoka ndani. Mtu anayemtii mzazi kwa moyo wake anakuwa vizuri na mtu anayejiamulia kwa moyo wake anakuwa vizuri, anayeumia ni yule anayefanya lolote kati ya hayo kwa kusukumwa. Hii iliniondolea mzigo mkubwa sana aisee, maana nilikuwa nadhani lazima nichague, ama niwe wa kwetu ama niwe na amani.

Na kwenye kutoa ni hivohivo. Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walitoa utafiti uliochukua takwimu za nchi 136, nyingi kati ya hizo waliosema wametoa kusaidia wengine walikuwa na furaha zaidi, afu wakafanya majaribio Canada na hapa jirani Uganda, watu waliokumbushwa siku waliyotumia hela kwa ajili ya mtu mwingine walijisikia vizuri kuliko waliokumbushwa siku waliyojinunulia wenyewe, pande zote mbili, kwa tajiri na kwa anayehesabu sarafu. Ila sasa 2010 Netta Weinstein na huyohuyo Ryan walikuwa wameshaonesha kwamba msaada unampa raha mtoaji pale anapotoa kwa hiari yake, na sio yeye tu, hata anayepokea anafaidika zaidi kama uliyempa umempa kwa kupenda. Bibi yangu hakusoma hata darasa moja lakini alikuwa anasema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na mi nilikuwa nafikiri maana yake ni toa hata kama huna. Maana yake ni kwamba kipimo kipo moyoni, sio kwenye kiasi.

Mimi kwenye zile harusi kumi na moja, tisa zilikuwa namba moja. Nilichanga ili jina langu lisisomwe kwenye grupu la wasap mwishoni kule na alama ya deni. Mbili ndo zilikuwa namba nne, ya binamu yangu na ya jirani aliyenisaidia nilipougua. Na kumtumia mama ilikuwa nne pia, ila ndo niliyoipa chenji.

Kinachofuata usikimbilie kufuta. Hapa vijana wengi tunakosea, tukishaona namba moja nyingi tunasema kuanzia leo sichangi harusi ya mtu. Subiri. Nenda kamuulize mtu mzima hiyo desturi ilikuwaje mwanzoni, mama, shangazi, babu, yeyote aliyeiona kabla haijawa na kadi. Nilienda Muheza mwezi wa sita kupeleka bati, jioni tumekaa barazani mama anachambua mchele kwenye ungo, nikamuuliza mama nyie enzi zenu mlikuwa mnachanga shilingi ngapi. Akanyamaza kidogo akawa anapepeta, afu akasema, "Hela tulikuwa tunaitoa wapi mwanangu? Mi nilichanga mikono. Harusi ya shangazi yako nilikaa siku tatu, mchele wote ule tuliuchambua sisi, na kuni tulikata sisi, hakuna aliyeuliza nani kaleta nini." Afu akanionesha kovu dogo kwenye kidole gumba, alijikata na panga kwenye zile kuni, na alikuwa analionesha huku anatabasamu kama mtu anaonesha pete.

Ndo nikaelewa. Tunu yenyewe ilikuwa kuwepo, kumshika mkono mwenzio kwenye jambo lake, hela ilikuja baadae kama namna ya kuwepo kwa wale walio mbali, afu polepole hela ikabaki na kuwepo kukaondoka. Kwaiyo kila desturi unayoiona mzigo jaribu kutenganisha vitu viwili, ile tunu iliyomo ndani na ile namna inavyofanywa siku hizi. Mara nyingi unachochukia ni namna. Tunu ukiiangalia vizuri unaipenda, na unaweza ukaibeba kwa namna nyingine. Mwacha mila ni mtumwa ni kweli, ila anayeibeba kwa hofu naye hajawa huru. Kuna desturi chache ambazo ukichimba mpaka chini unakuta ndani yake hamna utu, zinamuumiza mtoto au mwanamke au zinamnyang'anya mjane, hizo usizitafutie namna nyingine, hizo achana nazo na uwalinde wanaoumizwa.

Ukishajua, sema. Watu hawawezi kubahatisha kilicho moyoni mwako na ukikaa kimya watakuita mchoyo. Hii nimeijaribu kwa mwenyekiti wa kamati na imefanya kazi, iandike kwa maneno yako: "Habari za jioni mwenyekiti. Nimepokea kadi ya mdogo wetu, hongereni sana. Mimi nimejaaliwa elfu 20 naituma leo hii, na Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi nitakuwepo kupanga viti na kubeba maji. Mungu atie baraka." Angalia hakuna kujitetea, hakuna hadithi ya mshahara kuchelewa, umetaja unachotoa na umetaja mwili wako utakuwepo. Na uende kweli, hiyo saa moja ukiwa bado kitandani umeharibu kila kitu.

Kwa wakubwa usitume meseji. Piga simu au nenda, shikamoo kwanza, habari za afya, habari za shamba, afu unasema mjomba nimekuja unishauri. Usiseme nimeamua, hata kama umeamua, mwombe ushauri kwa dhati na usikilize maana wakati mwingine anakuonesha kitu hukukiona. Mjomba wangu alikasirika nilipomwambia nimepunguza michango ya ukoo, tukakaa kama nusu saa hivi, mwisho akasema basi angalau za watoto wa ndugu zako wa tumbo moja usipunguze, na nilipofikiria nikaona kweli zile kwangu ni namba nne, nikakubali palepale.

Mazingira nayo yaangalie, hili nalisema kwa kifupi. Lilach Sagiv na Schwartz 2000 walitoa utafiti waliofanya Israel na Ujerumani, wakaona furaha inategemea pia kama wanaokuzunguka wanathamini unachothamini. Kama we unathamini utulivu na familia na ofisini kwenu kila mtu anapimwa kwa simu na gari, utachoka hata kama hujafanya kosa lolote. Sisemi uache kazi, kazi hazipatikani. Tafuta hata watu wawili watatu wanaofanana na wewe, msikitini, kanisani, kikundi cha kuweka na kukopa, timu ya mpira, uwe na mahali pa kupumulia.

Na hela? Kuna mtu atasema wewe unaongea tunu, mwenzio hana kodi ya nyumba. Ni kweli na simpingi, njaa haina falsafa. Mwaka 2005 kuna watafiti walitoa kazi yao kuhusu Wamasai wa Kenya, Waamish wa Marekani, wale Wakristo wanaoishi kizamani, na Wainughuit, wenyeji wa kaskazini mwa Greenland, wakakuta wote kwa ujumla wapo upande wa kuridhika, na mtu akisoma hivyo haraka anasema kumbe umaskini sio tatizo. Mi naisoma tofauti. Wale wanaishi karibu na wanachokithamini, ng'ombe, rika, ibada, na hilo linawabeba, lakini dawa na shule na maji bado vinahitajika, kuridhika sio sababu ya kumnyima mtu haki yake. Ila kuitanguliza hela juu ya vyote nako kuna gharama yake, Tim Kasser na Ryan 1993 walikuta wale walioweka mafanikio ya hela mbele ya undugu na jamii na kujikubali walikuwa na hali mbaya zaidi kisaikolojia. Hela ni ya kutafutwa kwa bidii zote, swali ni inaenda kulinda nini.

Wanandoa, fanyeni hili zoezi wawili, kila mtu na daftari lake, afu mbadilishane. Hasa mkiwa wa makabila au dini tofauti. Ugomvi mwingi wa "unatuma sana kwenu" ni tunu mbili ambazo hazijawahi kutajwa kwa jina.

Kitu kingine nakiomba ukichukulie kwa uzito. Kama umefanya haya yote na bado wiki zinapita huna hamu ya kitu, hulali au unalala kutwa, chakula hakipandi, unawaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona na dawa yake haipo kwenye daftari. Nenda hospitali uone daktari na mwambie mtu unayemwamini leoleo. Sio laana na sio udhaifu wa imani.

Baada ya miezi mitatu fungua tena ukurasa wa kwanza, weka alama mpya kwenye ngazi bila kuangalia ya zamani, afu rudia hesabu ya hela na muda. Usitegemee kupanda ghafla, mi nilitoka 4 nikaenda 5, saivi nipo 6 na kuna mwezi nilishuka. Kilichobadilika haraka zaidi ni zile namba za pembeni, moja zimepungua, nne zimeongezeka, na deni la kwenye simu nililimaliza mwezi wa tisa.

Jumamosi hii kuna harusi ya kijana wa mtaani kwetu, nimechanga elfu 20 na nimepangiwa kusimamia maji. Mama nampigia leo usiku, kwao mvua zimeanza tena.